Gari Liliona, Likaandika, Likaibiwa

Mwaka 2022 Ian Tabor, mtaalamu wa usalama wa mifumo ya magari, aliibiwa Toyota RAV4 yake jijini London. Miezi michache kabla ya hapo alikuta bampa la mbele limevutwa na waya wa taa umechomolewa, akadhani ni wahuni tu. Gari lilipotoweka alikwenda kutazama kumbukumbu za hitilafu ambazo lilikuwa limezituma kwenye seva za mtengenezaji. Humo akakuta mlolongo wa misimbo: vidhibiti kadhaa, zile kompyuta ndogo za gari, vimepoteza mawasiliano, kile cha taa za mbele kikiwa kimojawapo, na yote hayo kwenye muda uleule wa wizi. Aprili 2023 mwenzake Ken Tindell, mhandisi aliyebobea kwa miaka mingi katika CAN, mtandao wa ndani unaounganisha vidhibiti vya gari, alichapisha uchambuzi wa kisa hicho. Wezi wa aina hii hawavunji kioo, wala hawanasi mawimbi ya ufunguo. Huingilia kwenye waya za taa, wakaunganisha kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya Bluetooth yenye nembo ya JBL, na kifaa hicho hutangaza kwenye mtandao wa ndani kwamba ufunguo halali upo. Gari huamini.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na kila kinaposimuliwa watu hushangaa ile spika. Mimi hushangaa zile kumbukumbu. Gari liliona. Lilitambua kwamba kidhibiti cha taa kimenyamaza, likaandika, likapeleka taarifa. Kisha likawashwa na mgeni na kuondoka naye. Tasnia nzima ya kugundua uchakachuaji katika mitandao ya magari imejengwa juu ya dhana kwamba shida ni kuona. Naona dhana hiyo imepitwa. Gari la kisasa huona mengi. Lisichoweza ni kujua lililoliona lina maana gani, na hakuna aliyelipa ruhusa ya kuchukua hatua.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi kwenye mtandao wenyewe. Bosch walianza kuubuni mwaka 1983 na wakautangaza Detroit mwaka 1986, wakati adui aliyewasumbua wahandisi alikuwa uzito wa waya. Kila swichi na kila kipima kilikuwa na waya wake, na mzigo wa waya ndani ya gari ulikuwa unazidi kunenepa. CAN ikaleta jozi moja ya waya zilizosokotwa, na vidhibiti vyote, vile ambavyo mafundi huviita ECU, vikaning'inizwa humo. Kinachotumwa na kimoja husikika na vyote. Kila ujumbe hutanguliwa na namba ya utambulisho, kwa kawaida ya biti 11, na hufuatiwa na data isiyozidi baiti 8. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, mwenye namba ndogo hupita na mwingine hujikata mwenyewe akangoja, kwa sababu sifuri huishinda moja kwenye waya. Ubunifu mzuri kweli. Hakuna ujumbe unaopotea kwa kugongana.

Ila namba ile hutaja jambo linalozungumzwa, haimtaji msemaji. Ni kikao cha watu gizani: anayesema hutaja mada, "kasi ya gurudumu la kushoto," na waliopo wanaifanyia kazi bila kujua sauti imetoka kwa nani. Mwishoni mwa ujumbe kuna hesabu ya uhakiki ya biti 15, lakini hiyo hukamata biti iliyogeuzwa na kelele za umeme. Uongo uliotungwa vizuri huja na hesabu yake sahihi na hupita salama.

Udhaifu huo ulijulikana mapema, na ulipoonyeshwa hadharani ulionyeshwa kwa kishindo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington na Chuo Kikuu cha California, San Diego, walithibitisha kwamba aliyefika kwenye soketi ya uchunguzi anaweza kuzima injini au kuzizuia breki zisishike. Mwaka uliofuata walifika bila kugusa gari, kupitia Bluetooth, mtandao wa simu, hata diski ya muziki. Mwaka 2015 watafiti wa usalama Charlie Miller na Chris Valasek wakaidhibiti Jeep Cherokee iliyokuwa barabara kuu, wao wakiwa mbali nayo, na Fiat Chrysler ikalazimika kuyaita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Tangu hapo makala za kitaaluma kuhusu kugundua uvamizi zimemiminika.

Kwa kuwa msemaji hajitaji, wagunduzi wote hufanya kazi moja: kumtambua kwa dalili za pembeni.

Dalili ya kwanza ni muda. Jumbe nyingi za gari hutumwa kwa mpigo usiobadilika, nyingine kila baada ya milisekunde 10, nyingine 20, nyingine 100. Mvamizi anayetaka kuseta kasi ya uongo hawezi kumnyamazisha mwenye mada kwa kutaka tu. Yule wa kweli anaendelea kutuma kama kawaida. Matokeo yake jumbe zinaongezeka, na mpigo unavurugika. Kihesabio rahisi, cha mistari michache ya programu, kinakamata hili ndani ya sehemu ya sekunde. Naipenda njia hii kuliko zote, na nadhani haipewi heshima yake kwa sababu haichapishiki: ukiandika makala kwamba umehesabu, hakuna jarida litakalosisimka.

Ndugu yake wa karibu ni rahisi zaidi. Kila kidhibiti kinazijua namba zake. Kikisikia namba yake imepita kwenye waya na chenyewe hakikutuma, hakuna tafsiri nyingine ya tukio hilo isipokuwa kuna mwigizaji. Hakihitaji takwimu wala mafunzo. Ningekuwa na sauti katika uandishi wa kanuni, ningeanzia hapa: kila kidhibiti kilinde namba zake na kiseme kikizisikia kwa mwingine.

Wavamizi nao hawakulala. Itifaki ya CAN ina utaratibu wa kujisafisha: kidhibiti kinachoshindwa kutuma huongezewa pointi 8 kwenye kihesabio chake cha makosa, na kikifaulu hupunguziwa 1. Kihesabio kikivuka 255, kidhibiti hujiondoa mtandaoni chenyewe. Makosa 32 mfululizo yanatosha. Kyong-Tak Cho na Kang Shin wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2016 jinsi mvamizi anavyoweza kuligeuza hili kuwa silaha: anagongana na jumbe za kidhibiti kizima kwa makusudi mpaka kinajiona kibovu na kunyamaza. Baada ya hapo anavaa namba zake na kutuma kwa mpigo uleule. Hesabu ya muda inaona kila kitu kiko sawa.

Watafiti haohao mwaka huohuo walileta jibu la kuvutia. Kila kidhibiti kina saa yake ya kioo cha kwatsi, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa. Kila moja huchelewa au huwahi kwa kiwango chake kidogo. Ukipima mpigo wa jumbe kwa muda mrefu, unapata alama ya saa iliyozituma, hata kama namba ni ileile. Mwigizaji atajulikana kwa saa yake. Lilikuwa wazo zuri sana, na lilidumu miaka miwili: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba mvamizi anaweza kupima uchelewaji wa anayemwiga na kurekebisha mpigo wake ulingane.

Ndipo watu wakageukia umeme wenyewe. Waya zikiwa zimetulia huwa na takriban volti 2.5 kila mmoja. Sifuri inapotumwa, mmoja hupanda karibu na 3.5 na mwingine hushuka karibu na 1.5. Lakini hakuna vidhibiti viwili vinavyofika kwenye viwango hivyo kwa namna moja. Chipu ya kutuma ujumbe, urefu wa waya, hali ya viunganishi, vyote huacha alama, na alama hiyo programu pekee haiwezi kuibadilisha. Tatizo ni kwamba gari haliishi maabara. Betri hushuka, injini huwaka na kuzimwa, joto chini ya boneti hupanda, unyevu huingia kwenye kiunganishi. Kigunduzi cha volti lazima kijifunze upya kila mara, na chochote kinachojifunza kinaweza kufundishwa uongo. Mwaka 2021 lilithibitishwa hilo pia: wavamizi wanaoshirikiana, wakiwa ndani ya vidhibiti vya gari lenyewe, waliweza kuipotosha alama ya volti wakati kigunduzi kinajifunza.

Hata hivyo volti ina nguvu pale ambapo muda hauna. Ile spika ya wezi ilikuwa na sakiti ya ziada iliyozuia vidhibiti vingine kupinga kinachosemwa. Kitendo cha namna hiyo hakijifichi kwa umeme. Kingekuwapo kipima volti kwenye lango la mtandao, kingeona waya zinashikwa na kitu ambacho hakijawahi kuwamo kwenye gari hilo.

Naja sasa kwenye sehemu inayonikera. Ukifungua makala nyingi za miaka ya karibuni kuhusu jambo hili, utakuta mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, jedwali, na usahihi wa asilimia 99 na ushee. Hesabu kidogo inatosha kuharibu furaha hiyo. Katika mtandao wa biti 500,000 kwa sekunde, ujumbe wa baiti 8 huchukua biti zaidi ya 100, kwa hiyo mtandao uliojaa nusu tu hupitisha takriban jumbe 2,000 kila sekunde. Kwa saa moja ni milioni 7.2. Kigunduzi kinachokosea mara moja katika kila jumbe 1,000 safi kitapiga kengele mbili za uongo kila sekunde. Kiboreshe mara elfu, kikosee mara moja kwa milioni, na bado kitapiga saba kwa saa. Dereva ataivumilia kengele ya namna hiyo mpaka atakapompata fundi wa kuizima.

Na mashambulizi yanayotumiwa kupimia mara nyingi ni ya makelele. Mfano wa kawaida ni kumwaga jumbe zenye namba sifuri, maelfu kwa sekunde, hadi mtandao uzibe. Kitu hicho kingegunduliwa na kihesabio cha mistari michache nilichokisifu hapo juu. Kukigundua kwa mtandao wa neva wenye tabaka kadhaa hakuthibitishi chochote kuhusu mtandao huo wa neva. Kipimo ninachokitaka kwenye jedwali ni kimoja: kengele za uongo kwa kila saa 1,000 za kuendesha, kwenye magari halisi, yenye betri chakavu na viunganishi vilivyoota kutu. Watafiti wachache hukitoa. Asilimia ya usahihi bila idadi ya jumbe inamsaidia anayeandika, haimsaidii anayeendesha.

Kuna uchakachuaji mwingine ambao fasihi hii huugusa kwa aibu, nao pengine ndio ulioenea zaidi: ule unaofanywa na mwenye gari. Kifaa cha kupunguza kilometa huwekwa kati ya dashibodi na mtandao, kikapokea jumbe za kasi na kupitisha zilizopunguzwa. Kwenye malori, kuna vifaa vinavyojifanya mfumo wa AdBlue na kuiambia injini kwamba urea inanyunyizwa vizuri kwenye moshi, ilhali tangi ni kavu na mfumo umezimwa. Hapa hakuna mwizi wa usiku. Mvamizi ana ufunguo, ana karakana, ana muda wote anaoutaka, na atafurahi sana kigunduzi kikifa.

Kiufundi pia ni mnyama tofauti. Kifaa kilichokaa katikati ya waya hakiongezi ujumbe. Hupokea mmoja na kupitisha mmoja. Mpigo haubadiliki, namba hazijirudii, na kidhibiti halisi hakisikii namba yake ikitumiwa, kwa sababu kiko upande wa pili wa ukuta. Mbinu zote za muda zinapofuka. Kinachobaki ni maana: je, umbali ulioandikwa kwenye dashibodi unalingana na ule unaohifadhiwa na kidhibiti cha gia boksi au cha breki? Je, kasi inayoripotiwa inaendana na mzunguko wa injini kwa gia iliyomo, na na mwendo wa gari kwa setilaiti? Je, joto la moshi linafanana na la mfumo unaonyunyiza urea kweli? Ukaguzi wa namna hii hauhitaji kuwahi ndani ya milisekunde. Unaweza kufanywa mara moja kwa safari, taratibu, na uongo wa kilometa ukitaka kudumu lazima udanganye vidhibiti vyote kwa pamoja na kwa miaka. Kwa maoni yangu hapa ndipo pesa ya utafiti ingelipa haraka, na ndipo inapotumika kwa uchache.

Turudi kwenye swali la hatua. Tuseme kigunduzi ni kizuri na kimeona. Gari lifanye nini? Likiwa kasi ya kilometa 110 kwa saa, kukitoa kidhibiti mtandaoni kunaweza kuwa hatari kuliko shambulio lenyewe. Tena, kinga inayojifyatua ni silaha ya kuazima: mvamizi hatahitaji kuivunja breki, atahitaji tu kuifanya kinga iamini kwamba kidhibiti cha breki ndicho adui. Tumeshaona itifaki yenyewe ilivyogeuzwa hivyo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wameamua gari liandike, litume makao makuu, na wachambuzi waamue. Kanuni namba 155 ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa mwaka 2020 na ambayo tangu Julai 2024 inayahusu magari yote mapya katika Umoja wa Ulaya, inadai mtengenezaji aweze kugundua mashambulizi, kuyafuatilia na kuhifadhi data ya uchunguzi. Jinsi gari lenyewe lijibu, sekunde hiyohiyo, imeachwa kwake.

Naelewa tahadhari hiyo, lakini inachanganya hali mbili zisizofanana. Gari linalokwenda na gari lililoegeshwa limefungwa si kitu kimoja. Kwa linalokwenda, nakubali: liandike, lizuie amri za anasa kama za kujiegesha lenyewe au kusahihisha usukani, limwachie dereva breki na usukani wa kawaida. Kwa lililofungwa, injini imezimwa, ufunguo hauko karibu, halafu kidhibiti cha taa kinapotea ghafla na sekunde chache baadaye ujumbe unasema ufunguo umethibitishwa, sioni haja ya kumngoja mchambuzi. Likatae kuwaka mpaka ufunguo uthibitishwe upya kwa njia nyingine. Kengele ya uongo hapo itamgharimu mtu dakika chache za usumbufu, au kweli, usiku mbaya njiani. Na usiku mbaya njiani ni jambo zito kwa aliye peke yake, ndiyo maana sharti liwe ni dalili mbili zinazofuatana, si moja.

Wapo watakaosema mjadala huu wote utazikwa na usimbaji. Ujumbe ukiwa na muhuri wa siri, mwigizaji hana la kusema. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mpango uitwao SecOC, wa AUTOSAR, muungano wa tasnia ya magari unaoweka viwango vya programu, hufanya hivyo, na katika mojawapo ya mipangilio yake muhuri hufupishwa hadi biti 24 na kaunta ya upya, inayozuia ujumbe wa zamani kurudiwa, ya biti 8, ili vyote viingie kwenye ujumbe mdogo. Tayari nusu ya baiti 8 imekwenda. Toleo jipya, CAN FD, lenye hadi baiti 64, limerahisisha mambo. Lakini funguo za siri huleta mamlaka: kidhibiti kilichobadilishwa hakitasikilizwa mpaka kipewe funguo, na mwenye kuzitoa ni mtengenezaji. Fundi wa kujitegemea aliyefunga kipuri halali ataonekana na gari kama mvamizi. Kigunduzi kisichoweza kutofautisha kipuri na uvamizi kitazua upinzani wa haki kabisa, na upinzani huo utazaa soko la vifaa vya kukizima. Muhuri pia haumzuii aliyekidukua kidhibiti chenyewe chenye funguo. Kwa hiyo ugunduzi utaendelea kuhitajika, hata kwenye magari yaliyosimbwa.

Halafu kuna magari yaliyoko barabarani leo, ambayo hayatapata muhuri kamwe. Kwa hayo inauzwa dawa ya rahisi: kifaa cha kuchomeka kwenye OBD, ile soketi ya uchunguzi, kinachosikiliza na kutuma tahadhari kwenye simu. Mwaka 2015 watafiti wa San Diego walichukua kifaa cha aina hiyohiyo ya kuchomeka, kilichotengenezwa kwa ajili ya kufuatilia uendeshaji kwa niaba ya bima, wakakitumia kuzifikia breki za Corvette kwa ujumbe mfupi wa simu. Kifaa kinachoweza kusema mtandaoni ni mlango, hata kama kililetwa kuwa masikio. Na kwenye magari mengi mapya, soketi hiyo iko nyuma ya lango linalochuja, kwa hiyo kifaa hakisikii yanayopita kwenye waya za taa hata kidogo. Anayetaka kukitengeneza kwa uaminifu inambidi akiunganishe ndani, upande wa mtandao unaolindwa, na akikate uwezo wa kutuma kwenye bodi yenyewe, pini ya kutuma ujumbe isiunganishwe na chochote, ili hata programu yake ikidukuliwa isiwe na waya wa kusemea.